Nobu Moja ya Kuvuta Yatosha

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mpiga gitaa Mmarekani aliyefariki mwaka 1933 lakini santuri zake zikafika hadi nchi ya chai. Tangu hapo gitaa limejikita Kericho na Bomet na kupata magwiji wake, akiwamo Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, na benga ya majirani wa Nyanza ikalizidishia kasi. Katika muziki huu gitaa la solo halijifichi nyuma ya mwimbaji. Linamjibu, linamchochea, na akinyamaza linashika usukani. Kwa hiyo linahitaji sauti kali iliyo wazi, kila noti isikike juu ya besi na ngoma. Anayejiuliza afunge nobu gani kwenye gitaa lake la umeme aanze na sauti hiyo, kisha ndipo aende dukani.

Ugumu uko kwenye pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Pikapu ya koili moja hutoa sauti kali wanayoipenda wapiga benga, ila koili hiyohiyo hunasa pia mvumo wa umeme. Stima ya Kenya ina mizunguko 50 kwa sekunde, na kila transfoma au jenereta iliyo karibu husambaza mvumo huo. Kwenye harusi ya Litein au harambee ya Sotik, ambako ampu, spika na taa zaweza kutegemea jenereta moja na nyaya ndefu, mvumo hujitokeza kila wimbo unapotulia. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliombea hataza dawa yake: koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo unaoingia katika moja ufutwe na ule wa mwenzake, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Pikapu hiyo, hambaka, hukaa kimya inavyotakiwa. Lakini koili zake zikiungwa kwa mfuatano, kama ilivyo kawaida, sauti huwa nene na noti za juu za solo huzama.

Hapo ndipo nobu ya kuvuta inapofaa. Kwa juu ni nobu ya kawaida ya volyumu au toni. Chini yake kuna swichi ndogo inayobadilika nobu ikivutwa au ikisukumwa. Mafundi wengi huitumia kuzima koili moja ya hambaka, na magitaa kama Yamaha Pacifica 112V hutoka kiwandani yakiwa yamefungwa hivyo. Mimi naamini kwamba mpigaji wa Kericho na Bomet ana njia bora zaidi: swichi hiyo iziunge koili mbili sambamba, isizime yoyote. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua hambaka ambayo kila koili ina ukinzani wa omu 4,000. Kwa mfuatano zinakuwa 8,000; ukizima moja zinabaki 4,000; ukiziunga sambamba zinashuka hadi 2,000. Ule ukaidi wa koili dhidi ya mkondo unaobadilika haraka, ambao ndio huminya sauti za juu, nao hushuka kwa kadiri hiyo, na sauti inafunguka. Na kwa kuwa koili zote mbili bado zinafanya kazi, mvumo unaendelea kufutwa. Ukizima koili moja, unapata ukali lakini mvumo unarudi palepale.

Kuna watakaosema kwamba sauti ya sambamba si sawa kabisa na ya koili moja halisi, na kwamba inapungua nguvu. Yote mawili ni kweli. Koili mbili husikiliza uzi katika sehemu mbili, kwa hiyo sauti haiwi na ncha ileile. Ila tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mvumo unaoandamana na wimbo mzima, na nguvu iliyopungua hurudishwa kwenye ampu. Wengine watasema ampu yenyewe ina nobu ya kuongeza ukali, basi gitaa lisiguswe. Lakini ampu hukuza kile ilichopelekewa; sauti za juu zikishaminywa kwenye pikapu, ukiziongeza baadaye unaongeza na mikwaruzo yote ya njiani. Lazima pia niseme wazi kwamba hakuna nobu itakayotibu ampu isiyo na waya wa athi au jeki iliyolegea. Hayo yarekebishwe kwanza.

Nobu yenyewe ichaguliwe kwa macho na rula. Kwa hambaka, tafuta iliyoandikwa 500K, yaani omu 500,000. Ile ya 250K humwaga sehemu ya ukali unaoutafuta. Igeuze uangalie swichi yake: lazima iwe na miguu sita, mistari miwili ya miguu mitatu. Waya unaomaliza koili ya kwanza huungwa kwenye mguu wa kati wa mstari mmoja, na ule wa koili ya pili ambao kwa kawaida huungana nao kwenye mguu wa kati wa mstari wa pili. Kwa upande mmoja wa swichi miguu miwili ya pembeni huunganishwa pamoja, na huo ndio mfuatano. Kwa upande mwingine, mguu ulio kwenye mstari wa koili ya kwanza huenda athi, na wa koili ya pili huenda kwenye waya wa sauti, na hapo koili zinakuwa sambamba. Hambaka lazima iwe na nyaya nne mbali na ile ya athi. Yenye waya mmoja tu haifai mpaka ifunguliwe. Kisha pima kina cha tundu la gitaa, maana nobu ya kuvuta ni ndefu kuliko ya kawaida na kifuniko cha nyuma kinaweza kukataa kufunga. Angalia pia kama mhimili wake ni laini au una meno, ili kofia ya nobu iukae sawasawa. Kofia iwe na mikunjo ubavuni, vidole vyenye jasho viweze kuivuta.

Ifungwe kwenye toni. Kidole kidogo huichezea volyumu katikati ya wimbo, na swichi iliyo hapo itabadilika bila kukusudiwa. Iwe moja pia. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, na unyevu hutandaza utando kwenye sehemu za kugusana ndani ya swichi. Kila nobu ya kuvuta unayoongeza ni sehemu nyingine ya kukwaruza na kukatika. Nobu moja fundi wa redio ataisafisha kwa dawa ya kupuliza na kuilehemu upya siku hiyohiyo. Tatu zenye nyaya zilizosokotana zitamchosha yeye na mwenye gitaa. Anayebadili sauti katikati ya kiitikio atadai swichi ndogo ya pembeni ni ya haraka zaidi. Ni kweli, lakini hiyo hudai tundu jipya kwenye mwili wa gitaa, na tundu halizibiki vizuri. Yeye achukue nobu ya kubonyeza, inayobadilika kwa mguso mmoja bila kuvutwa. Kwa wengine wote, na hasa kwa mwenye gitaa moja linalopigwa kanisani asubuhi na harusini jioni, nobu moja ya kuvuta iliyofungwa sambamba ndiyo matumizi bora ya pesa yake kabla hajafikiria kununua gitaa la pili.