Kipimo cha asubuhi hakitoshi kwa mgonjwa wa kisukari

Kuna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwa wagonjwa wengi wa kisukari. Siku tatu au nne kabla ya kliniki, mgonjwa huacha soda, hupunguza ugali na kunywa chai isiyo na sukari. Asubuhi ya kliniki hufika bila kula, akadungwa kidoleni, nambari ikaonekana nzuri, muuguzi akampongeza. Akitoka hapo, hupitia kibandani kujinunulia mandazi. Hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna aliyeambiwa ukweli pia.

Nasema bila kusita kwamba mtindo huu unawagharimu watu macho, figo na miguu yao. Ili tuelewe kwa nini, tuanze na hayo mandazi.

Rangi ya hudhurungi inayoipata ngozi ya andazi karaini hutokana, kwa sehemu kubwa, na sukari kushikana na protini za unga. Mwanakemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, aliueleza mmenyuko huo mwaka wa 1912. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa jiko na unga tu. Litakalowashangaza ni kuwa yale yatukiayo karaini kwa dakika chache hutukia pia mwilini mwa kila mmoja wetu, polepole, katika joto la nyuzi 37.

Glukosi iliyomo damuni hujibandika kwenye protini za mwili bila kusaidiwa na kimeng'enya chochote. Mwanzoni mshikano huo ni mlegevu. Ukidumu kwa majuma na miezi, hugeuka kuwa kifungo kisichofunguka, na baadhi ya vifungo hivyo huifunga protini moja kwa jirani yake, mithili ya nyuzi za kitambaa zilizomwagiwa gundi. Sukari inapozidi damuni, kazi hii huenda kasi.

Protini inayoishi siku chache huondoka na dosari zake. Mashaka yako kwa zile zikaazo miaka. Protini za ndani ya lenzi ya jicho tunazaliwa nazo na kuzikwa nazo. Zikiharibika, huchangia mtoto wa jicho. Kolajeni, ambayo ndiyo kamba ya mwili, huwa ngumu, na kuta za mishipa ya damu zikapoteza unyumbufu wake. Vichujio vya figo hunenepa na kuvuja. Mishipa midogo inayolisha retina na neva za miguu hudhoofika, hata mtu akakanyaga msumari asihisi. Fauka ya hayo, protini hizo zilizoharibika hugusa vipokezi vya chembe na kuamsha uvimbe usiokwisha. Hata viganja husema: wapo wagonjwa wa miaka mingi ambao wakikutanisha mikono kama waombao, vidole vyao havigusani vyema kwa ugumu wa viungo. Sidai kwamba hiki ndicho chanzo pekee cha madhara ya kisukari. Shinikizo la damu, mafuta na sigara vina sehemu yao.

Ajabu ni kuwa protini mojawapo iliyobandikwa sukari imekuwa shahidi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Samuel Rahbar wa Iran aligundua himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na muda wote huo himoglobini yake hukusanya sukari. Ukiipima, unapata habari za miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hicho huitwa HbA1c, na mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kitumike kutambua kisukari, kuanzia asilimia 6.5. Siku tatu za kujinyima haziwezi kumhonga shahidi huyu.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka wa 1993, ulipochapishwa utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa ukali walipunguza hatari ya kupatwa na ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Miaka kadhaa baadaye, viwango vya sukari vya makundi yote mawili vilikuwa vimekaribiana, lakini wale waliojitahidi mapema waliendelea kunufaika. Mwili ulikuwa umekumbuka, na protini zilizofungwa na sukari ni sehemu mojawapo ya kumbukumbu hiyo. Aminoguanidini, dawa iliyojaribiwa kuzuia vifungo hivyo, haikufika madukani.

Najua nitajibiwa kuwa kipimo hiki ni ghali kuliko kudunga kidole. Ni kweli. Wala sisemi kidole kiachwe; anayetumia insulini hawezi kuishi bila kukipima. Nataka HbA1c ipimwe angalau mara mbili kwa mwaka, na isiwe anasa ya wenye bima. Kumhudumia aliyeharibikiwa figo ni ghali zaidi.

Waama, shahidi huyu naye ana udhaifu wake, na hapa kwetu haufai kupuuzwa, hasa magharibi mwa nchi na pwani. Mwenye ugonjwa wa selimundu ana chembe nyekundu zinazokufa mapema, kabla ya kukusanya sukari ya kutosha. Mgonjwa wa aina hiyo amweleze daktari mapema, ili nambari ndogo isije ikadhaniwa kuwa nafuu ilhali ni upungufu wa damu.