Weka ya Mia Tano: Jinsi ya Kujua Pesa Yako ya Mafuta Inaenda Wapi

Ingia kituo chochote cha mafuta, iwe ni Rongai, Kisumu au Mtwapa, na utasikia maneno yale yale: "Weka ya mia tano." "Niwekee ya elfu moja." Ni wachache sana wanaosema, "Weka lita tano." Wengi wetu hununua mafuta kwa shilingi, na hapo ndipo pesa hupotea bila mwenyewe kujua.

Fikiria hivi. Ukinunua unga dukani unajua pakiti ni ya kilo mbili. Bei ikipanda unaona mara moja, na hata unanung'unika. Lakini kwa pampu, mia tano hubaki mia tano. Bei ikipanda, lita zinapungua kimyakimya. Gari likianza kunywa mafuta kuliko kawaida, pia huoni. Unachoona tu ni kwamba siku hizi unarudi kituoni mapema. Halafu unalaumu bei peke yake, kumbe sehemu ya shida ni tairi halina upepo.

Leo tutaangalia jinsi ya kujua gari au pikipiki yako inakula pesa ngapi kwa kila kilomita, jinsi simu yako inaweza kukusaidia kufuatilia, na mahali ambapo unaweza kuokoa pesa bila kuacha kusafiri.

Kwanza, bei inatoka wapi?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu zaidi za petroli, dizeli na mafuta taa. Bei hizo huanza kutumika tarehe 15 na hudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Hazifanani kote nchini kwa sababu mafuta huingilia bandari ya Mombasa, kisha husafirishwa kwa bomba na kwa malori. Ndiyo maana Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi, na Mandera huwa ghali zaidi.

Ndani ya bei hiyo kuna kodi na ada. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Utakumbuka pia Oktoba 2023, lita moja ya petroli Nairobi ilipofika shilingi 217.36.

Hayo yote huwezi kuyabadilisha ukiwa kwenye pampu. Unachoweza kubadilisha ni lita ngapi unahitaji.

Jua namba yako

Namba muhimu kwa dereva ni kilomita ngapi unatembea kwa lita moja. Kuipata ni rahisi:

1. Jaza tangi hadi pampu ijizime yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi.
2. Endesha kama kawaida kwa siku kadhaa.
3. Jaza tena hadi pampu ijizime, ikiwezekana kwenye kituo kile kile. Andika lita zilizoingia na kilomita mpya.
4. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia.

Tuseme umetembea kilomita 360 na tangi limechukua lita 30. Gari lako linatembea kilomita 12 kwa lita. Tuchukue bei ya shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya kwenu. Inamaanisha kila kilomita moja inakugharimu shilingi 15.

Na kama huna pesa ya kujaza tangi? Watu wa boda wana njia yao. Endesha hadi pikipiki iingie rizevu, kisha weka lita kamili, tuseme tatu, na uandike kilomita. Rudisha swichi ya mafuta mahali pake na uendelee na kazi. Ikiingia rizevu tena, angalia umetembea kilomita ngapi, ugawanye kwa tatu. Kama mita ya kilomita ilikufa zamani, itengeneze. Bila hiyo unafanya biashara gizani.

Ukishajua namba yako, mambo mengi hujijibu yenyewe. Kwa mfano, kuna kituo kinauza shilingi 2 chini ya kile cha karibu. Ukiweka lita 30 unaokoa shilingi 60. Lakini kama kwenda na kurudi ni kilomita 6 zaidi, kwa shilingi 15 kila kilomita umechoma shilingi 90. Umepata hasara ya 30 ukidhani umeokoa. Kama kituo hicho kiko kwenye njia yako ya kawaida, hapo sawa, pita.

Simu yako ndiyo daftari lako

Ukilipa mafuta kwa pesa taslimu, hakuna kinachobaki. Ukilipa kwa till, ujumbe unabaki na tarehe, saa, jina la kituo na kiasi. Kinachokosekana kwenye ujumbe ni lita na kilomita. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, piga picha moja ya pampu na moja ya dashibodi, au andika namba hizo mbili kwenye simu. Ni kazi ya nusu dakika. Fanya hivyo ukiwa umemaliza kujaziwa. Wakati mafuta yanaingia, simu ikae mfukoni kama vile mabango ya kituo yanavyosema.

Mambo mengine ya kuzingatia unapolipa:

Hakikisha pampu imeanza sifuri kabla mhudumu hajaanza kuweka.

Soma jina la kituo kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Namba moja ikikosewa, pesa inaenda kwa mtu mwingine na unaanza kuhangaika kuirudisha.

Lipa kwa till ya kituo, si kwa namba binafsi ya mhudumu. Kukitokea ubishi, ukiwa umelipa kwa till una ushahidi kwamba kituo kilipokea pesa.

PIN ni yako peke yako. Hata kama mhudumu anakujua kwa jina na foleni ni ndefu, usimtajie.

Angalia sehemu ya ada kwenye ujumbe. Kama kwenye kituo chako mteja hukatwa ada, kulipa mia tano mara nne kunaweza kukugharimu zaidi ya kulipa elfu mbili mara moja. Na kutoa pesa kwa ajenti ili ukanunue mafuta kwa taslimu ni kulipa ada ambayo hukuhitaji kulipa.

Mwisho wa mwezi, toa taarifa ya malipo yako na ujumlishe mafuta peke yake. Wengi hushtuka hapa. Mia tano tano ni nyepesi kutoa, lakini zikijumlishwa zinaweza kufika karibu na kodi ya nyumba.

Mafuta huvujia wapi?

Tairi. Tairi lenye upepo mdogo hufanya injini ivute kwa nguvu zaidi. Upepo unaofaa umeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu yametoka Japani, na kibandiko huonyesha kPa ilhali vipimo vya hapa husoma PSI. Gawanya kPa kwa 6.9. Kwa mfano, 220 kPa ni karibu PSI 32. Pima asubuhi kabla ya safari ndefu, tairi likiwa baridi.

Mguu. Kukanyaga mafuta kwa nguvu halafu kufunga breki kwenye tuta lililo mbele ni kununua mwendo na kuutupa. Ukiona foleni, tuta au taa nyekundu mbele, ondoa mguu mapema na uache gari lipunguze lenyewe. Kwa wengi hii ndiyo inayookoa mafuta zaidi, na haikugharimu shilingi hata moja.

Mwendo. Upinzani wa hewa hauongezeki sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upinzani huo unakaribia mara mbili. Na muda unaookoa ni mdogo. Kwenye kilomita 50 za barabara wazi, anayeendesha 100 badala ya 80 hufika dakika saba na nusu tu mapema.

Kusimama injini ikinguruma. Gari dogo likisimama injini ikiwaka linaweza kumaliza kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Tuseme ni lita 0.7, na unamsubiri mtu au unakaa kwenye foleni iliyokufa nusu saa kila siku ya kazi. Kwa siku 22 hizo ni saa 11, karibu lita 7.7, yaani shilingi 1,386 kwa mwezi bila kusogea hata hatua. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja mahali salama, zima.

Mzigo. Fremu ya mizigo juu ya gari ambayo hutumii hukamata upepo kila siku. Itoe. Na buti si stoo.

Matengenezo. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochoka, breki zinazoshika zenyewe na oili isiyo ya daraja linalofaa, vyote hula mafuta. Kwa boda ongeza mnyororo: ukilegea au ukikauka bila oili, nguvu inapotelea hapo. Kabla fundi hajabadilisha kitu, muulize kwa nini, na ulinganishe kilomita zako kwa lita kabla na baada. Namba itakuonyesha kama kazi ilisaidia.

Tuangalie boda anayetembea kilomita 120 kwa siku. Akipata kilomita 40 kwa lita, anatumia lita 3, yaani shilingi 540. Pikipiki ikizembea hadi kilomita 35 kwa lita, anatumia karibu shilingi 617. Tofauti ni shilingi 77 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya shilingi 2,000. Hiyo ni pesa inayoweza kulipa huduma ya pikipiki yenyewe.

"Akiba" ambazo si akiba

Kuteremka na nyutro. Hii tuiongee wazi kwa sababu imeua watu. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na mojawapo ya sababu zilizotajwa sana ni madereva kutoa gia kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Bila gia, injini haisaidii kushikilia gari. Kazi yote inaachiwa breki, na breki zikipata joto sana hazishiki. Boda naye huzima injini kabisa akiteremka na abiria nyuma. Hatari ni ile ile. Tena magari ya kisasa ya injekta hukata mafuta yenyewe ukiwa kwenye gia na mguu uko nje ya pedali. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hivyo unahatarisha maisha na mafuta bado unachoma.

Kuweka mafuta alfajiri. Ati petroli ya baridi ni nzito zaidi. Matangi ya vituo yamezikwa ardhini na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Usikatize usingizi kwa hilo.

Kukimbilia kituo jioni ya tarehe 14. Bei ikipanda kwa shilingi 3, kwa lita 30 umeokoa shilingi 90. Si mbaya kama kituo kiko njiani na hakuna foleni. Lakini ukikaa saa nzima injini ikiwaka, umeirudisha kwenye pampu.

Mafuta ya bei ya chini sana kando ya barabara. Petroli ya chupa au dizeli ya mtungi huwezi kujua imechanganywa na nini. Uchakachuaji kwa mafuta taa ulikuwa umeenea hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ada ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Pampu ya injekta ikiharibika, bili ya gereji itameza akiba ya miezi mingi.

Inafaa kiasi gani?

Rudi kwa gari letu la kilomita 12 kwa lita. Tuseme linatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni lita 125, shilingi 22,500. Kwa upepo sahihi, mguu mwepesi na kuzima injini kwenye foleni, tuseme limefika kilomita 13.2 kwa lita. Sasa ni karibu lita 113.6, kama shilingi 20,450. Umebakisha zaidi ya shilingi 2,000 kwa mwezi, na zaidi ya 24,000 kwa mwaka, ukiendesha gari lile lile kwenye barabara zile zile.

Ili pesa hiyo isiyeyuke, ihamishe kwenye akaunti yako ya akiba siku ile ile unapopiga hesabu. Ikibaki kwenye salio la kawaida utaitumia bila kukumbuka ilitoka wapi.

Kazi ya wiki hii ni moja tu: safari ijayo ya kituoni, uliza lita. Soma lita kwenye pampu, soma kilomita kwenye dashibodi, lipa kwa till, hifadhi ujumbe. Fanya hivyo mara mbili na utakuwa na namba yako. Na unaweza hata kuendelea kusema "weka ya mia tano," ila sasa utajua mia tano hiyo itakufikisha wapi.