Anajua Kusoma, Ila Hafiki Mwisho wa Barua

Karani wa sensa akifika kwenye kaya ya Ulemo, swali la kisomo halimchukulii muda. Anauliza kama fulani anajua kusoma na kuandika sentensi fupi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha zote mbili au kwa lugha nyingine. Anajibiwa, anaweka alama, anahamia kwenye maswali ya paa na choo. Mara nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, naye huwasemea wote, pamoja na waliokwenda shamba na waliokwenda mnadani. Hakuna anayeshikishwa karatasi asome. Kwa njia hiyo sensa ya 2012 ilipata kwamba Watanzania wapatao 78 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanajua kusoma na kuandika, na ile ya 2022 ikapata kwamba wamepita 80.

Makarani sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na swali, kwa kuwa linagawa watu mafungu mawili, wajuao na wasiojua, wakati fungu linalonitia wasiwasi zaidi limekaa katikati: watu waliopita darasani, wanaoandika majina yao bila kusitasita, wanaotambua neno hapa na neno pale, lakini wakipewa barua ya nusu ukurasa wanamwita mtoto anayesoma sekondari awasaidie. Kwenye takwimu hao wanajua kusoma. Kwenye maisha yao kusoma hakuwasaidii chochote.

Ulemo ni kata ya wilaya ya Iramba mkoani Singida, nchi ya Wanyiramba, watu wa alizeti, mtama, uwele na mifugo. Mgeni anaweza kudhani kwamba mkulima wa huko hana haja kubwa na maandishi. Hebu tumfuate mkulima huyo msimu mmoja. Anaandikishwa ili apate mbolea ya ruzuku, na taarifa zake zinarudi kwa ujumbe wa simu. Anauza alizeti, anapewa risiti yenye uzito, bei na makato. Mkewe ana kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi. Mtoto anaandikiwa dawa, kidonge 1 mara 3. Kikundi cha akina mama kinataka mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kinaambiwa kilete katiba na andiko la mradi. Mkopo huo ukichelewa, anafika mtu na fomu za ule wa haraka ambao mitaani tumeupa jina la kausha damu, na sahihi inatiwa papo hapo.

Chukua chupa ya dawa ya kuua wadudu. Chini ya kibandiko chake kuna ukanda wa rangi, mwekundu kwa sumu kali kuliko zote, halafu wa njano, wa bluu na wa kijani, pamoja na vichoro vya glavu na buti. Waliopanga alama hizo walishakubali kwamba wanunuzi wengi hawatasoma. Lakini kiasi cha kuchanganya kwenye maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, vimeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Au chukua ule ujumbe wa matapeli unaojulikana nchi nzima, unaokutaka ile hela uitume kwenye namba nyingine. Hata wenye shahada wameshatuma hela, tusijidanganye. Ila anayesoma kwa kuungaunga ana hatari ya ziada: macho yake yanadaka "hela", "tuma" na namba, yale mengine yanampita.

Nchi hii iliwahi kusifiwa duniani kwa jambo hili hili. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kanda ya Ziwa, kati ya 1968 na 1972, palikuwa na mradi wa majaribio ulioungwa mkono na UNESCO, ambapo wanakisomo walijifunza herufi kwa vitabu vya kazi zao wenyewe kama pamba na ufugaji. Wilaya chache zilitangulizwa, Mafia na Ukerewe zikiwamo, kisha kampeni ikaenea kote. Walimu wa shule za msingi walifundisha jioni, wakisaidiwa na vijana waliomaliza darasa la saba kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1973 vikundi vya kampeni ya "Mtu ni Afya" vilikusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio na vijitabu, wakitoka hapo kwenda kuchimba vyoo.

Halafu wakapima. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika kampeni ile, na ndilo tulilolisahau kuliko yote. Agosti 1975 wanakisomo kwa mamilioni walikaa kwenye mtihani wa taifa, ukiwa na hatua nne. Aliyeandika jina lake tu hakuhesabiwa. Ilibidi afike hatua ya tatu, na ya nne ndiyo iliyodai asome gazeti, aandike barua na atunze hesabu ndogondogo. Asilimia ya wasiojua ilikuwa 39 mwaka huo, ikashuka hadi 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na 9.6 mwaka 1986.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Uchumi uliyumba, bajeti za elimu zikakatwa, ada za shule za msingi zikarudi na hazikufutwa mpaka 2001, na watoto wengi wakabaki nje ya madarasa. Magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji, vilivyoanzishwa ili mwanakisomo apate cha kusoma baada ya mtihani, vilififia kimoja baada ya kingine. Sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima 31 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika. Takwimu hiyo na ya 1986 hazikutoka kwenye kipimo kimoja, hivyo asiwepo wa kuziweka kwenye mstari mmoja na kudai kwamba kila mtu wa tano alisahau. Lakini kusahau kulikuwepo, na sababu yake tunaijua.

Kusoma hakuji kwa maumbile kama kusema. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima wa Ureno ambao hawakupata kusoma. Waliwataka waondoe sauti ya kwanza ya neno na kutamka iliyobaki. Wengi walishindwa, ingawa lugha ni yao na masikio yao ni mazima. Wenzao wa mazingira yale yale waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima waliweza. Mwaka 2010 timu ya Stanislas Dehaene ilipiga picha za bongo za watu wa Ureno na Brazili, ikaona kwamba kujifunza kusoma hubadilisha utendaji wa ubongo hata kwa aliyechelewa kuanza. Kwa hiyo wale wanaowakatisha tamaa wazee kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi watafute methali nyingine.

Ugumu wa kwanza wa mtu mzima uko kwenye kasi. Anayeunga silabi moja moja anabeba maana kichwani kwa sekunde chache tu, na akikawia, mwanzo wa sentensi umeshapotea. Ni kuchota maji kwa pakacha. Helen Abadzi, aliyefanya kazi Benki ya Dunia, amependekeza kwamba msomaji anahitaji takriban maneno 45 hadi 60 kwa dakika ili ashike maana ya anachosoma. Kwa Kiswahili maneno yatapungua kidogo, maana maneno yetu ni marefu. Tuna bahati ya tahajia nyepesi: ukijua ba, be, bi, bo, bu umejua, hakuna herufi inayokufanyia hila. Bei yake tunailipa kwenye urefu. Soma neno "asiyeandikishwa" kwa kuungaunga, a, si, ye, a, ndi, ki, shwa. Kukanusha kote kumebebwa na silabi moja ndogo karibu na mwanzo, na unapofika kwenye "shwa" umeshaisahau. Katika mkataba wa mkopo, kati ya "anayelipa" na "asiyelipa" kuna ng'ombe wa mtu.

Kasi hailetwi na somo, huletwa na wingi wa kusoma. Hapo ndipo aliyefaulu hatua ya tatu mwaka 1977 alipoachwa solemba: alipewa cheti, akarudi kwenye nyumba isiyo na hata ukurasa mmoja wa kusoma zaidi ya Biblia au Kurani. Waliosali kwa vitabu vyao kila siku, kwa maoni yangu, ndio waliookoka kuliko wengine, na sifa hiyo makanisa na misikiti vipewe.

Jambo la pili halitajwi kabisa kwenye mipango, nalo ni macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la kila binadamu huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Utafiti uliofanyika Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba karibu 62 katika kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hilo, na waliokuwa na miwani ni wachache mno. Fikiria hapo. Tunamweka mama wa miaka 50 mbele ya kitabu, haoni, tunaandika kwamba haelewi. Na asiyejua kusoma kabisa anajificha kwa kusema amesahau miwani nyumbani, maana kuitwa ngumbaru kunauma. Hivyo mwenye shida ya macho anahesabiwa mjinga, na mwenye shida ya herufi anajisingizia macho.

La tatu ni lugha ya nyumbani. Wazee wengi wa Iramba, hasa wanawake, wamekulia kwenye Kinyiramba, na Kiswahili wanakitumia sokoni, zahanati na mkutanoni. Mtu huyo anapojifunza herufi kwa kitabu cha Kiswahili anajifunza vitu viwili kwa mkupuo. Sidai kitabu kwa kila lugha ya Tanzania, fedha hizo hazipo. Ninachodai ni mwalimu wa kisomo aruhusiwe kufafanua kwa Kinyiramba bila kuona haya.

Msomaji asije akadhani haya ni mambo ya wazee watakaopita nayo. Kuanzia 2010 mradi wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba ukiwasomesha watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili, ukakuta zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu hawawezi kuisoma. Serikali iliitikia, na tangu 2015 madarasa mawili ya kwanza yameelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ila mtoto aliyekuwa na miaka tisa mwaka 2011 leo ni mtu mzima, pengine ana shamba lake la alizeti na mtoto anayeanza shule. Hata nchi tajiri zina mzigo huu: OECD ilipowapima watu wazima wa nchi wanachama kwa matokeo yaliyotolewa 2013, karibu mmoja katika kila sita alikuwa kwenye ngazi za chini kabisa za kusoma, na karibu wote walikuwa wamepita shuleni.

Vyombo vya kufanyia kazi vipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iko kisheria tangu 1975. Mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA uliundwa ili jamii yenyewe iseme inataka kujifunza nini. Kila kata ina afisa elimu. Kinachokosekana ni kazi kufanywa kwa wakati wake na kwa vitu halisi. Darasa la kisomo likianza Desemba, mvua zikiwa zimeshika, litabaki na mwalimu peke yake. Lianze baada ya alizeti kuvunwa, Juni mpaka Oktoba. Kitabu cha kwanza kiwe risiti ya mizani, kadi ya kliniki, kibandiko cha dawa na fomu ya mkopo, zile zile watu wanazozitia dole gumba. Mtihani uwe kusoma aya fupi kwa sauti dakika moja, kisha kueleza umeelewa nini. Mapato na matumizi ya kijiji yanayobandikwa ubaoni yachapwe kwa herufi kubwa, na mtendaji aombe wanakijiji, mmoja leo na mwingine mkutano ujao, wayasome mbele ya wenzao, wakianza na wanaojitolea.

Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwenye utafiti wake ujao wa kaya, imshikishe kila mtu mzima kadi yenye aya fupi badala ya kuridhika na jibu la mkuu wa kaya. Idadi itashuka, wanasiasa watanuna, lakini angalau tutajua tunamfundisha nani.

Wewe uliye mjini na una mzazi Ulemo au kwingineko, safari hii usimpelekee kitenge peke yake. Mpelekee miwani ya kusomea iliyopimwa, pamoja na kitu cha kusoma anachokipenda, kisha kaa naye akusomee.