Bakteria wa tumboni: wapo wanaotulinda, wapo wanaoua



Mwezi huu tuongee juu ya bakteria, hivi viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Wengi wetu tukisikia jina hilo tunawaza ugonjwa tu. Kumbe sivyo! Ndani ya utumbo wa mtu mzima wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni marafiki.

Wanafanya kazi gani? Wanasaga mabaki ya maharagwe na mboga ambayo tumbo lenyewe limeshindwa. Wanatengeneza vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda mtu akijikata. Tena wanajaza nafasi, mgeni mbaya anakosa pa kukaa. Maziwa ya mama yanawalisha wale wa tumboni mwa mtoto mchanga. Hata maziwa kuganda ni kazi ya bakteria.

Sasa, wabaya nao wapo. Sisi wa Nyanza-Lac na Rumonge tunamjua mmoja: yule wa kipindupindu. Ugonjwa huo uliingia Burundi mwaka 1978, ukarudi 1992. Wachunguzi waliofika Rumonge waliona kwamba kunywa maji ya Ziwa Tanganyika na kuoga humo ndiko kulikowaponza watu. Ni ziwa lile lile linalotupa ndagala na mukeke. Tena Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana ufukweni Kagunga, Tanzania, bila maji safi wala vyoo vya kutosha. Kipindupindu kikazuka, na mwezi huo kiliua watu wapatao 30 mkoani Kigoma.

Anauaje? Ananata kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo inafanya utumbo umwage maji na chumvi ya mwili. Mtu anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, na anaweza kufa kwa masaa machache.

Wapo watu ambao wakiharisha tu wanakimbilia vidonge vya rangi mbili. Dawa hizo hazichagui: zinaua hata walinzi wetu, na wabaya wanaobaki wanaizoea dawa. Tumwachie mganga aamue. Kinachookoa kwanza ni kurudisha maji mwilini. Kama pakiti ya ORS haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka zahanati haraka. Mtoto anyonye, asiachishwe.

Yule mbaya hupita kwenye kinyesi, akaingia kwa maji, mikono na chakula. Basi tumfungie njia: tuchemshe maji ya kunywa au tuyatie klorini, tutumie choo, tunawe kwa sabuni, tule chakula cha moto. Walinzi wa ndani tuwaache wafanye kazi yao.