Mabao Mawili Hayajamfanya Mfungaji

Msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza ukiwa umepamba moto, kila Jumatatu makundi ya WhatsApp ya vijana wa Masasi na Newala huwa na jina jipya. Mchezaji ambaye Ijumaa hakuna aliyemtaja ametupia mawili, na sasa kila mwenye timu ya Fantasy anamtaka. Wapo wanaomwingiza usiku uleule na kukubali kukatwa pointi 4. Wiki inayofuata jamaa anaanzia benchi, anaingia dakika ya 80 na kuondoka na pointi 1.

Kwa ambaye hajaucheza, Fantasy Premier League ni mchezo wa bure. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, wasiozidi 3 kutoka klabu moja, na wanachokifanya uwanjani ndicho kinachokupa pointi. Kila wiki una badiliko moja la bure, na usipolitumia linahifadhiwa, mpaka yafike matano; la ziada ndilo linalokatwa pointi 4. Wamarekani, kwenye mpira wao, wanapenda aina nyingine: mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu hawi wa mwingine, na waliobaki sokoni hugombewa, kwa kawaida anayeburuza mkia akipewa nafasi ya kuchagua kwanza. Huku kwetu kikundi kizima kinaweza kuwa na staa yuleyule. Ndiyo maana mastaa hawakutofautishi na mwenzako. Anayekutofautisha ni yule wa pauni milioni 5 uliyemwona wiki mbili kabla yake.

Mimi huanza na dakika. Anayecheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2 hata asipogusa mpira, na chini ya hapo ni 1. Lakini kubwa zaidi ni kwamba dakika zinaonyesha kocha anamwaminije. Aliyefunga mawili akitokea benchi, huku mwenye namba akiwa majeruhi wa wiki mbili, ana mkataba wa wiki mbili tu kwenye kikosi chako. Aliyeanza mechi nne mfululizo bila bao, akipiga mashuti matatu ndani ya boksi kila mechi, ndiye wa kumfuatilia.

Baada ya dakika, nitataka kujua nani anapiga penalti. Cole Palmer alihamia Chelsea kutoka Manchester City Septemba 2023, kijana ambaye wengi hawakumhesabu kama mfungaji. Bao lake la kwanza la Chelsea lilikuwa penalti, dhidi ya Burnley, Oktoba 7. Waliokuwa macho hawakusubiri lingine: mgeni kupewa mpira pale mbele ya wenyeji ni habari kuliko bao lenyewe. Alimaliza ligi na mabao 22, 9 kati yake ya penalti, na pasi 11 za mabao.

Kuna hila nyingine ambayo ni ya mchezo huu peke yake, nayo ni namba aliyoandikishwa mchezaji. Msimu wa 2019/20 John Lundstram wa Sheffield United aliorodheshwa kama beki, kwa bei ya chini kabisa ya pauni milioni 4, ilhali uwanjani alicheza kiungo. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5. Timu isiporuhusu bao, beki anapata 4, kiungo 1. Novemba mwaka ule alipowafunga Burnley mawili katika ushindi wa 3-0, alilipwa kote kote. Nilipata kuona watu wakimcheka aliyemsajili, kicheko kikaisha siku hiyo.

Na bado unaweza kuwa na dakika zote ukaanguka. Teemu Pukki aliingia Ligi Kuu na Norwich msimu huohuo, akafunga 6 katika mechi 5 za kwanza, yakiwemo matatu dhidi ya Newcastle. Nusu ya wachezaji wa Fantasy walionekana kumkimbilia. Mwisho wa msimu alikuwa na 11 tu. Hakuwa amesahau kufunga. Norwich nzima ilifunga mabao 26 msimu mzima na ikashuka ikiwa mkiani, na mshambuliaji hapati anachokimalizia kama nyuma yake hakuna anayempa.

Mtu wa huku Masasi na Newala hahitaji kufundishwa sana kutohukumu kwa sura ya nje. Ghalani, mnunuzi hataji bei kwa kutazama ganda la korosho: sampuli inakatwa, kiini kinaonekana. Kwa mchezaji, kukata sampuli ni kuangalia mechi nne au tano, si moja. Programu yenyewe inaonyesha hata mabao yaliyotarajiwa, yaani ubora wa nafasi alizopata. Mwenye mabao 4 kutokana na nafasi za bao 1 amebahatika. Mwenye bao 1 kutokana na nafasi za 3, msubiri, zamu yake inakuja.

Ligi yetu pia ina mifano. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilikuwa ndiyo kwanza imepanda, na straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Kila wiki watu walisema atakauka. Aliyehesabu dakika na kuona timu nzima inamtafuta yeye hakushangaa. Hata hivyo kipimo hicho kina mwisho wake, kwani msimu uliofuata haukuwa umekwisha Mpole alipoondoka kwenda FC Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Kama ungekuwa naye kwenye Fantasy, ungemuuza siku hiyohiyo bila kujali mapenzi.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usinunue Jumatatu. Subiri mikutano ya makocha na waandishi, ambayo mara nyingi huwa Alhamisi na Ijumaa, ujue nani kapona na nani anarudi. Bei ikipanda pauni laki moja, acha ipande. Pointi 4 za makato ni ghali kuliko hiyo. Ila usichelewe: dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa mechi ya mapema ya Jumamosi, hiyo ni saa 7 mchana kwa saa zetu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wakirudisha saa nyuma, ni saa 8.