Malaika Alianza na Mkate



Nabii Eliya, aliyewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, alifikiwa na siku ambayo aliketi jangwani chini ya mti, akamwomba Mungu aitwae roho yake. Tazameni jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu, na hata huko Mungu alianza kwa kumwuliza swali.

Habari hii yawahusu wanafunzi wetu wa Nachingwea na Ruangwa. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa duniani kote kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Huyo si mwendawazimu. Ni yule aliyekuwa mchangamfu, sasa amekuwa kimya. Halali vema usiku, chakula hakimpendezi, michezo ameiacha. Nasi twamwita mvivu, au twasema amerogwa.

Mwezi wa Novemba msimu wa korosho hukutana na mtihani wa kidato cha nne. Wazazi wako mashambani na minadani. Mtoto aliyepanga chumba karibu na shule hubaki peke yake na hofu ya kufeli na kuiaibisha nyumba yao.

Mila zetu zina jambo jema hapa. Katika unyago mwali hupewa somo, mtu mzima wa kumwuliza yale asiyoweza kumwambia mama yake. Kanisa nalo humpa kijana msimamizi siku ya Ubatizo na ya Kipaimara, na shuleni yuko mwalimu wa ushauri nasaha. Je, msimamizi huyo angali anamjua kijana wake, au jina lake limebaki katika cheti tu?

Makatekista na wasimamizi, msingoje kijana aje; mfuateni. Ketini naye, ale, kisha mwulizeni: “Mwanangu, mbona siku hizi umenyamaza?” Sikilizeni hadi mwisho kabla ya kutoa mawaidha, wala siri yake isitangazwe jumuiyani. Mkihofu kwamba anafikiria kujiua, mwulizeni waziwazi; swali hilo halimtii wazo moyoni, bali humfungulia mlango. Akikubali, msimtishe kwa dhambi, wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Iko pia namba 116, ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bure nchini kote.

Sala na tiba havigombani. Mkate alioula Eliya ulitoka kwa Mungu yuleyule aliyesema naye mlimani.