Mwalimu Funakoshi: mchana shule, usiku karate

Ukipita jioni kwenye kumbi za karate hapa pwani, utawakuta wazazi wamekaa pembeni wakiwangojea watoto wao. Wanachomuuliza mwalimu mara nyingi ni kimoja: "Mwanangu atapata lini mkanda mweusi?" Wako ambao mwaka ukipita bila mkanda mpya, humhamishia mtoto kwa mwalimu mwengine. Kabla ya kumhamisha, ni vyema kujua vipi alisomeshwa mtu ambaye mtindo wa Shotokan, unaochezwa na wengi kwetu, umetokana naye.

Gichin Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na nyumbani hawakutarajia kwamba angeishi sana. Shuleni alisoma pamoja na mtoto wa Anko Azato, bingwa wa karate, na kwa njia hiyo akakubaliwa kuwa mwanafunzi wa mzee huyo. Siku hizo karate ilifunzwa kwa siri. Kijana alitoka usiku na taa mkononi akirudi karibu na alfajiri, mpaka majirani wakaanza kunong'ona kwamba anakwenda kwenye danguro!

Kumbe yuko uani kwa Azato, anarudia kata moja, yaani mfululizo wa mapigo na kinga ambao mtu huufanya peke yake. Mzee amekaa anatazama. Akimaliza, anaambiwa arudie. Usiku baada ya usiku, kata ile ile, pengine kwa miezi. Aliyesoma chuoni kwetu atalielewa jambo hili: hufunguliwi sura nyengine mpaka uliyo nayo imekaa ulimini. Baadaye, kwa mwalimu wake wa pili, Anko Itosu, kata tatu tu ziitwazo Tekki zilimchukua miaka 10.

Na mkanda je? Hakukuwa na mkanda. Mikanda ilitokana na judo ya Jigoro Kano, na Funakoshi alipowapa wanafunzi wake mikanda myeusi ya kwanza, mwaka 1924, mwenyewe alikuwa ameshapita miaka 50. Umri wake wote wa kujifunza ulipita bila ya kufungwa kitu kiunoni.

Wala karate haikumlisha. Alikuwa mwalimu wa skuli tangu 1888, kwa zaidi ya miaka 30. Ili aipate kazi hiyo ilimbidi akate kishungi cha nywele utosini, alama ya heshima ya ukoo wao, na nyumbani kukawa na msiba.

Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya Wizara ya Elimu, akinuia kurudi mara moja. Kano akamwalika Kodokan, wengine nao wakamwomba awafunze, akabaki. Mkewe alikataa kumfuata. Nani angeyaangalia makaburi ya wazee? Funakoshi akaishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa. Alikuwa mlinzi, akafagia vyumba, na usiku akasomesha. Mpishi wa bweni alimfunza karate ili apunguziwe pesa za chakula. Alipobanwa zaidi, aliweka rehani kofia na kimono chake. Akapata pesa nyingi kuliko thamani ya vitu vyenyewe, kwani ndugu wa mfanyakazi wa duka lile alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi.

Katika miaka ya 1930 wanafunzi wake walichanga wakamjengea ukumbi. Wakauita Shotokan, nyumba ya Shoto, jina alilolitumia akiandika mashairi, lenye maana ya mawimbi ya misonobari ikipigwa na upepo. Hakukaa nao muda mrefu. Mwaka 1945 mabomu yaliuteketeza, na mwaka huo huo akafa mwanawe Gigo, aliyekuwa akisomesha naye. Mkewe aliikimbia Okinawa kwa sababu ya vita, wakakutana Oita baada ya miaka yote ile ya kuishi mbalimbali. Walikaa pamoja mpaka 1947 alipofariki.

Mzee akarudi Tokyo, karibu na miaka 80, na wanafunzi wa zamani wakaanza kumrudia. Alifariki Aprili 1957. Jina lake la ushairi ndilo lililoko vifuani mwa wale watoto wanaongojewa jioni.